Kabla ya Kuchimba Shimo, Uliza Udongo Kwanza

Somo la vikundi: jinsi ya kupima kama ardhi ya ploti yenu inaweza kunywa maji ya mvua

Vikundi vingi vya kujisaidia, vya mjini na vya kule mashambani, siku hizi vinachanga pesa na kununua ploti upande wa mashariki mwa Nairobi. Kuna wanaonunua Njiru, Ruai, Utawala, Kayole na hata mbele zaidi. Wengine wanataka kujenga nyumba za kupangisha, wengine ukumbi, wengine shule ya watoto wadogo. Hiyo ni kazi nzuri na tunaisifu.

Lakini kuna jambo moja ambalo husahaulika mpaka mvua ya Aprili ifike: maji yatakwenda wapi? Ploti ikiwa nyasi, mvua ikinyesha maji hutawanyika. Mkishajenga mabati na kumwaga simiti uani, maji yale yale hayana pa kuingia. Hapo fundi husema, "Msijali, tutachimba sokipiti." Yaani shimo la kunyonya maji, linalojazwa mawe, na maji ya paa yanaelekezwa humo. Shimo hugharimu pesa ya wanachama. Mara nyingine hufanya kazi vizuri kabisa. Mara nyingine hujaa mvua ya kwanza na kubaki limejaa mpaka Juni, mbu wanazaliana humo na ukuta wa nyumba unaanza kupasuka.

Tofauti ni udongo. Na udongo unaweza kuulizwa. Kinachohitajika ni jembe, maji, saa na uvumilivu wa siku mbili tatu. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuuliza na namna ya kusoma jibu.

Kwa nini Eastlands ina shida ya pekee

Nairobi imelala kwenye mteremko. Upande wa magharibi, kule Karen, Ngong na Kiambu, nchi iko juu na udongo ni mwekundu, wenye kina kirefu, na maji hupenya bila taabu. Ukishuka kwenda mashariki nchi inakuwa tambarare na kuungana na mbuga za Athi. Huko udongo wa asili ni ule mweusi, unaonata kwenye viatu, ambao mafundi huuita blakikotoni. Mara nyingi chini yake, si mbali sana, kuna mwamba mgumu ambao nao haupitishi maji upesi.

Tena mito inatoka magharibi kwenda mashariki. Mto Nairobi, Mto Mathare na Mto Ngong yote hupita Eastlands kabla ya kuelekea Mto Athi. Kwa hiyo sisi wa huku chini tunapokea mvua yetu pamoja na ya jirani zetu wa juu.

Jambo hili si geni. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, mji ulianzishwa mahali pa majimaji, na jina lenyewe Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitukumbusha. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilitukumbusha tena kwa uchungu: zaidi ya watu 250 walikufa nchini, na Mathare na Mukuru ni kati ya mitaa iliyopata hasara kubwa hapa mjini.

Tabia ya udongo mweusi

Kabla ya kupima, tufahamu tabia ya huyu tunayemuuliza. Udongo mweusi una sura mbili. Wakati wa kiangazi hukauka, hujikunja na kupasuka, hata nyufa zikaweza kumeza mkono. Ukipata maji hunywa, huvimba, na nyufa zote hujifunga. Ukishajifunga, maji hukaa juu kama kwenye sufuria.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Fundi anachimba kishimo mwezi wa Februari, anamwaga ndoo moja, maji yanapotea mara moja, na kila mtu anafurahi: "Ona, shimo linakunywa!" Kumbe maji yameingia kwenye nyufa tu. Ndoo ya pili itakwenda polepole, na ya tatu itakaa hapo. Mvua ya masika si ndoo moja. Ni ndoo baada ya ndoo, usiku na mchana, kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: jibu la maji ya kwanza msiliamini. Jibu la kweli ni la udongo ulioshiba.

Pia udongo huu ukivimba husukuma kila kilicho juu yake, na ukikauka hukiachilia kishuke. Msingi wa nyumba unapandishwa na kushushwa mwaka kwa mwaka. Ukielekeza maji ya paa kwenye shimo lililo karibu na ukuta, unaulisha huo udongo unaobomoa nyumba yako.

Jaribio la mkono

Kabla ya kubeba maji, fanyeni jaribio dogo. Chukueni donge la udongo kutoka kina cha mita moja, si la juu. Lilowesheni kidogo na kulifinyanga, halafu liviringisheni katikati ya viganja liwe kama nyoka mwembamba. Likivunjika-vunjika na kukwaruza mkono, lina mchanga mwingi. Likiwa nyoka mrefu anayeweza kupindwa kama pete bila kukatika, huo ni udongo wa mfinyanzi. Hapo mjue mapema kwamba jibu la shimo huenda likawa "hapana". Hata hivyo pimeni, maana mfinyanzi mmoja si sawa na mwingine.

Vifaa vya kupimia

- Jembe, sururu na koleo
- Rula au futikamba
- Kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa mkono
- Maji, mitungi mitano ya lita 20
- Kokoto kidogo, kama makopo mawili
- Saa, daftari na kalamu
- Bati au ubao wa kufunika shimo

Hatua kwa hatua

1. Chagueni mahali. Pimeni sehemu tatu katika ploti, si moja. Huku kwetu ploti nyingi zimejazwa. Kona moja ina murramu ulioletwa na lori, nyingine ina takataka za zamani, nyingine ni udongo wa asili. Upande wa Kayole na Njiru kulikuwa na machimbo ya mawe, na baadhi yalijazwa baadaye. Waulizeni wazee wa hapo. Pia ulizeni mahali bomba la maji, bomba la maji machafu na nyaya za stima zinapopita kabla ya kuinua sururu.

2. Chimbeni mpaka kina ambacho shimo lenyewe litafika. Udongo wa juu hautaulizwa, kwa kuwa maji hayatanywewa huko. Chimbeni shimo pana la mita moja kwa mita moja, kwenda chini mita moja. Msizidi kina cha kiuno bila kuegemeza mbao, maana kingo za udongo mweusi huporomoka ghafla na zimeua watu. Mkikuta maji yamo tayari humo chini, jibu mmelipata. Ardhi imeshiba, hakuna haja ya kuendelea.

3. Katikati ya sakafu ya shimo hilo, chimbeni kishimo kidogo cha mraba: sentimita 30 kwa 30, na kina sentimita 30. Pande ziwe wima. Jembe huulainisha udongo ukang'aa kama umepakwa mafuta, na mng'ao huo huzuia maji. Kwaruzeni pande kwa msumari au kisu uondoke. Tandazeni kokoto kidogo chini, tabaka jembamba tu, maji yasichimbue matope.

4. Simamisheni kijiti kishimoni, mguu wake ukigusa udongo wa chini. Wekeni alama mbili juu yake: ya juu kwenye sentimita 22 na nusu kutoka chini, ya pili kwenye sentimita 7 na nusu. Kati ya alama hizo kuna sentimita 15 kamili.

5. Jazeni kishimo mpaka juu. Kitameza kama lita 27, yaani mtungi mmoja na zaidi kidogo. Acheni maji yaishe. Hii ni ya kushibisha nyufa. Msipime bado.

6. Jazeni mara ya pili jioni, funikeni na kulala. Funiko ni la lazima. Mtoto anaweza kuteleza humo, na maji kidogo namna hiyo yanatosha kumzamisha.

7. Asubuhi jazeni mara ya tatu. Sasa pimeni. Maji yakifika alama ya juu, andikeni saa. Yakifika alama ya chini, andikeni tena. Mtu mmoja asiachiwe kazi yote. Pangeni zamu, na kila mmoja aandike kwa mkono wake. Siku nzima ikipita, masaa 24, na maji hayajafika alama ya chini, acheni. Andikeni "haikufika".

Wakati bora wa kupima ni Aprili au Novemba, ardhi ikiwa imeshalowa. Mkipima wakati wa kiangazi, ongezeni siku moja zaidi ya kushibisha.

Kusoma jibu

Maji katika kishimo chetu hunywewa na sakafu pamoja na kuta nne. Kwa vipimo tulivyotoa, mkitaka kujua udongo unakunywa milimita ngapi kwa saa, hesabu ni rahisi: gawanyeni 50 kwa idadi ya masaa.

Maji yakichukua masaa 2, basi 50 gawanya kwa 2 ni milimita 25 kwa saa. Yakichukua masaa 10, ni milimita 5. Yakichukua masaa 25, ni milimita 2.

Wataalamu wa kilimo hukadiria kwamba udongo wa kichanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, tifutifu milimita 10 hadi 20, na mfinyanzi milimita 1 hadi 5 tu. Kwa kazi yetu tushike hivi:

- Milimita 10 na zaidi: shimo la kunyonya lina matumaini.
- Kati ya 5 na 10: tafuteni ushauri wa mhandisi kabla ya kutumia pesa.
- Chini ya 5: msichimbe. Pesa iende kwingine.

Mkiwa na mashimo matatu yenye majibu tofauti, shikeni lile baya kuliko yote. Na mkikuta kona moja maji yanatoroka kwa dakika chache, msishangilie. Huenda ni takataka au kifusi cha machimbo. Maji yakipita huko, ardhi hutitia na kilicho juu yake hufuata.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kikundi chenye nyumba ya mabati ya mita 10 kwa mita 6. Paa ni mita 60 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ikinyesha mvua ya milimita 30 alasiri moja, jambo la kawaida mwezi wa Aprili, paa litamwaga lita 1,800. Hizo ni pipa tisa za lita 200.

Fundi anapendekeza shimo la mita moja kwa mita moja, kina mita moja na nusu, lijazwe mawe. Mawe hula nafasi. Kinachobaki kwa maji ni kama theluthi moja, yaani lita 500 hivi. Hata kabla ya kuuliza udongo, lita 1,300 hazina mahali.

Sasa tuulize udongo. Likiwa limejaa nusu, shimo hilo lina sehemu ya kunywa ya mita 4 za mraba, sakafu na kuta pamoja. Katika udongo wa milimita 25, linakunywa lita 100 kwa saa, na maji yake yanaisha kwa masaa 5. Kesho mvua ikirudi, linalo nafasi. Katika udongo mweusi wa milimita 2, linakunywa lita 8 tu kwa saa. Litachukua masaa zaidi ya 60 kuisha, siku mbili na nusu. Mvua ya kesho italikuta limejaa, na ya kesho kutwa vilevile.

Wahandisi wana kipimo chao: shimo zuri likijaa, nusu ya maji iwe imeondoka ndani ya masaa 24. Hili la udongo mweusi halifikii. Kuongeza mawe hakutasaidia, kwa sababu mawe hayanywi maji. Anayekunywa ni udongo.

Udongo ukisema ndiyo

Chimbeni mbali na ukuta, angalau mita 5, na hata ukuta wa jirani mhesabu vilevile. Kaeni mbali na kisima chochote, mita 30 au zaidi. Shimo hili ni la maji ya mvua tu. Msiingize maji ya choo, wala ya kufulia, wala mafuta ya gari. Kabla maji hayajaingia, wekeni kisanduku kidogo cha saruji cha kunasa matope, na mtu wa kukisafisha. Shimo likizibwa na matope halifunguki tena; litachimbwa jingine.

Udongo ukisema hapana

Jibu la "hapana" si hasara. Limewaokolea pesa ya shimo na labda ukuta wa nyumba. Yafuatayo ndiyo ya kufanya.

Kwanza, kamateni maji juu kabla hayajagusa ardhi. Gata na tanki hugharimu, lakini katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi, lita 1,800 ni mali. Tanki likijaa, la ziada liende mtaroni kwa bomba, lisimwagike kwenye msingi.

Pili, inueni sakafu ya nyumba, na ardhi inayoizunguka iteremke kwenda nje. Sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita mbili au tatu za kwanza, inatosha kufukuza maji ukutani.

Tatu, chimbeni mtaro wenye mteremko. Sentimita moja kwa kila mita ni kiasi kizuri. Msikadirie kwa macho, maana Eastlands ni tambarare na macho hudanganya. Tumieni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji: maji katika ncha zote mbili husimama usawa mmoja, nanyi mnapima tofauti.

Nne, msifunike uwanja wote kwa simiti. Acheni sehemu ya nyasi au kokoto. Hata udongo mgumu hunywa kidogo, na kidogo cha kila ploti kikijumlishwa ni kingi.

Tano, msiunganishe maji ya mvua na bomba la maji machafu. Bomba hilo halikujengwa kwa mvua. Likizidiwa, vifuniko hufunguka na uchafu wa choo hutoka barabarani, mahali watoto wanapochezea. Kipindupindu hupata njia hapo.

Mtaro wa nani?

Hapa kikundi kimoja hakitoshi. Mtaro wenu ukiishia kwa jirani, mmemhamishia mafuriko, na kesho yeye atauziba. Maji yanataka njia moja ya pamoja mpaka mtoni.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti kazi ya mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kwa hiyo mtaro mkubwa wa mtaa si jambo la kuombaomba. Ni kazi ya kaunti, na wananchi wana nafasi ya kusema wakati bajeti inapojadiliwa. Daftari lenu la vipimo ni silaha. Mtu akisimama katika baraza na kusema "tunateseka", atasikilizwa na kusahaulika. Akisema "tumepima mashimo matatu, yote chini ya milimita 5 kwa saa, maji yetu hayana njia ila mtaro," atahitaji kujibiwa.

Mfano uko karibu. Mwaka 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo maalum la upangaji. Wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani walijipanga kwa makundi madogo ya nyumba, wakahesabu na kuandika hali yao, wakatoa maoni kuhusu barabara, maji na mitaro. Baadaye barabara kadhaa zilijengwa pamoja na mitaro yake. Mafuriko hayajaisha huko, na 2024 ilionyesha hivyo. Lakini wana ramani na takwimu zao wenyewe, na hilo halifutwi na mvua.

Kwa vikundi vya mashambani, jaribio hili ni lile lile. Wa uwanda wa Kano na wa Mwea wanaujua udongo mweusi kama sisi. Wa Kiambu na Murang'a huenda wakapata jibu la furaha. Pimeni tu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya ploti yetu huenda wapi? Hupitia kwa nani?
2. Paa letu lina mita ngapi za mraba? Milimita 30 za mvua zitatupa lita ngapi?
3. Je, tumewahi kulipa shimo ambalo halikupimwa? Likoje sasa?
4. Nani kati yetu ataleta mitungi, nani saa, nani daftari? Tutapima lini?
5. Mtaro mkubwa ulio karibu nasi uko umbali gani, na umezibwa na nini? Tutausafisha pamoja na akina nani kabla ya Machi na kabla ya Oktoba?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: chimbeni angalau kishimo kimoja, mkipime kwa utaratibu wa hapo juu, na mweke jibu ndani ya kitabu cha kikundi pamoja na tarehe, mahali na majina ya waliopima. Fundi akija na bei ya sokipiti, mfungulieni ukurasa huo kwanza.